Wasomaji Wanauliza: Kama Linux Ni Nzuri, Mbona Maofisini Hatuioni?

Barua nne kati ya zilizotufikia safari hii zinagusa jambo moja, nalo ni mifumo endeshi huria, yaani mifumo ya kompyuta ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine kwa sababu imeuliza swali ambalo hizo nyingine zote zinalizunguka.

Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 22 za mtumba, na zote zinatumia Windows 10. Tangu Oktoba 2025 mfumo huo umeacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama, na kompyuta zetu hazina sifa za kupokea Windows 11. Fundi mmoja alitushauri tununue mashine mpya, jambo ambalo shule haina fedha zake. Mwingine akatushauri tuweke Ubuntu au Linux Mint, ambayo ni matoleo ya bure ya mfumo huria uitwao Linux. Nilipompelekea Mkuu wa Shule ushauri huu wa pili, aliniuliza: "Mwalimu, kama kitu hicho cha bure ni kizuri hivyo, mbona kila ofisi ninayoingia nakuta Windows?" Sikuwa na jibu. Naomba unisaidie, na pia unieleze kama wanafunzi nitakaowafundisha kwa mfumo huo nitakuwa nimewanyima kitu. — Mwalimu, Morogoro

Ndugu Mwalimu, Mkuu wako ameuliza swali la haki, na nisingependa ulijibu kwa kumtajia sifa za Linux, kwa maana sifa hakuziuliza. Ameuliza kwa nini kitu kinachosifiwa hakionekani. Mwombe kwanza atoe simu yake mfukoni. Ikiwa ni Tecno, Infinix, Samsung au Xiaomi, basi inatumia Android, na Android tangu simu yake ya kwanza ilipouzwa mwaka 2008 imejengwa juu ya kiini, yaani sehemu ya ndani kabisa, cha Linux. Akitafuta kitu kwenye intaneti kwa simu hiyo, ombi lake litapokelewa na seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine kwenye mtandao, na seva nyingi za intaneti zinaendeshwa na Linux. Hata katika huduma ya kukodisha seva iitwayo Azure, ambayo ni mali ya Microsoft yenyewe, wateja wanaotumia Linux wamechukua sehemu kubwa kuliko wanaotumia Windows. Zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, zinazopangwa katika orodha inayotolewa mara mbili kwa mwaka, zimekuwa zikiendeshwa na Linux zote bila kubakiza hata moja tangu Novemba 2017. Kwa hiyo Mkuu wako amekuwa akiitumia Linux kila siku, labda mara nyingi kuliko anavyoitumia Windows. Mahali pekee ambapo haioni ni pale anapopatazama, yaani juu ya meza ya ofisi, ambako kwa takwimu za mwaka 2024 sehemu ya Linux duniani ilikuwa takriban asilimia 4 tu.

Kinachohitaji kuelezwa basi ni kwa nini mfumo uleule umeshinda kwenye seva na simu, ukashindwa mezani.

Mwaka 1983 Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya MIT nchini Marekani, alitangaza mradi wa GNU, uliokusudia kuandika mfumo kamili ambao hakuna mtu angeweza kuwazuia wengine kuutumia. Zana nyingi za mradi huo zilikwisha kuwepo miaka michache baadaye, lakini kiini, yaani ile sehemu inayozungumza moja kwa moja na mitambo ya kompyuta, kilichelewa. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alitangaza kwamba anaandika kiini chake mwenyewe, na mwaka uliofuata alikiweka chini ya leseni ya GNU iitwayo GPL. Leseni hiyo ndiyo nguzo ya habari yote hii. Inamruhusu yeyote kuchukua msimbo, kuubadilisha na hata kuuza bidhaa inayoutumia, kwa sharti kwamba akiisambaza bidhaa hiyo aambatanishe na msimbo wake, pamoja na mabadiliko aliyoyafanya, chini ya masharti yaleyale. Kutokana na sharti hilo, makampuni yanayopigana vikumbo sokoni yaliweza kuchangia kazi moja bila hofu kwamba mmoja wao ataamka siku moja na kuifungia kabatini. IBM ilitangaza kwamba mwaka 2001 ingetumia dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux, na haikuwa ikitoa sadaka: ilikuwa ikiuza mashine na huduma, na kila sehemu ya mfumo ambayo haikulazimika kuiandika peke yake ilikuwa nafuu kwake.

Angalia ni nani aliyekuwa akichagua katika mazingira hayo. Mnunuzi wa seva ni mhandisi, naye hununua mashine akijua atakachoiwekea, na akikwama hufungua msimbo akausoma. Mtengenezaji wa simu naye huchagua mfumo mara moja kwa niaba ya mamilioni ya watu. Mnunuzi wa kompyuta ya mezani hakupata kamwe nafasi hiyo, kwa sababu mfumo alioukuta ndani ya boksi ulikwisha kuchaguliwa na mtengenezaji, na mtengenezaji naye alikuwa na sababu zake. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 Microsoft ilikuwa na mikataba iliyomtaka mtengenezaji alipe ada kwa kila kompyuta aliyoiuza, iwe ina mfumo wa Microsoft au haina. Aliyetaka kuweka mfumo wa mshindani alilipia miwili. Wizara ya Sheria ya Marekani iliipinga mikataba hiyo, na mwaka 1994 Microsoft ikakubali kuiacha, lakini kufikia hapo mazoea yalikwisha kuota mizizi.

Kizuizi cha pili kilielezwa vizuri na Jaji Thomas Penfield Jackson, aliyesikiliza kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft na kutoa matokeo ya uchunguzi wake Novemba 1999. Alionyesha kwamba watu hununua mfumo wenye programu nyingi, na waandishi wa programu huandikia mfumo wenye watu wengi, hivi kwamba mfumo mpya, hata ukiwa bora, haupati programu kwa kuwa hauna watu, wala haupati watu kwa kuwa hauna programu. Tangu hapo sijaona maelezo ya wazi zaidi kuhusu jambo hili, na yanamjibu Mkuu wako moja kwa moja: ofisi ina Windows kwa sababu ofisi ya jirani ina Windows.

Palikuwa na wakati mmoja ambapo mlango ulifunguka. Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Asus ya Taiwan ilianza kuuza kompyuta mpakato ndogo za bei ya chini zilizoitwa Eee PC, na zile za kwanza zilikuwa na Linux, kwa sababu mashine zenyewe zilikuwa dhaifu mno kuibeba Windows Vista na bei yake haikuacha nafasi ya kulipia leseni. Ziliuzika sana. Mwaka 2008 Microsoft, iliyokuwa imepanga kuiondoa Windows XP sokoni, iliiongezea maisha kwa ajili ya kompyuta ndogo za aina hiyo tu, na haukupita muda mrefu kabla ya nyingi kati yake kutoka kiwandani zikiwa na XP. Nalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha pande zote mbili. Ushindani ulikuwepo na ulimfanya mkubwa abadili mipango yake, jambo lililomnufaisha hata yule ambaye hakuwahi kuigusa Linux. Hata hivyo mkubwa alikuwa na uwezo wa kushusha bei mpaka ukubwa wake ukafanya kazi iliyobaki.

Huku kwetu kuna kizuizi cha tatu ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji sana. Bei ya bure, ambayo ndiyo silaha kubwa ya Linux, haina makali mahali ambapo Windows nayo haigharimu kitu. Mteja akienda kwa fundi "kupigiwa Windows" hulipia kazi ya fundi, wala leseni haitajwi. Mfumo umekrakiwa, na Office iliyo juu yake vilevile. Kwa hiyo katika maduka yetu Linux haishindani na Windows ya dola mia moja na ushei, inashindana na Windows ya bure ambayo fundi anaijua, mteja anaijua na binamu ya mteja anaijua. Bill Gates aliliona hili mapema. Mwaka 1998, akizungumza mbele ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Washington, alisema kuhusu China kwamba maadamu watu wataiba programu, Microsoft ingependa waibe zake, kwani watazizoea na siku moja njia ya kukusanya malipo itapatikana. Mazoea hayo ndiyo Mkuu wako anayoyaona kila anapoingia ofisini.

Sasa niseme juu ya waliojaribu kuhama, kwa kuwa shule yako inataka kuwa mmoja wao. Jiji la Munich nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia mwaka 2013 lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Wapinzani wa programu huria hulitaja jiji hilo kila mara, lakini washauri walioajiriwa na jiji lenyewe mwaka 2016 walieleza kwamba sehemu kubwa ya matatizo ilikuwa katika mpangilio wa idara za TEHAMA, zilizokuwa nyingi na zisizosikilizana. Ninaamini maelezo hayo, ingawa ni kweli pia kwamba baadhi ya programu za idara hazikupatikana kwa Linux na kwamba nyaraka zilizobadilishana mikono na taasisi nyingine hazikufunguka sawasawa. Jeshi la Gendarmerie la Ufaransa lilifuata njia nyingine. Mwaka 2005 lilibadilisha programu ya kuandikia tu, likaweka OpenOffice juu ya Windows ileile iliyokuwepo. Mwaka 2006 likabadilisha kivinjari na programu ya baruapepe. Na mwaka 2008, wakati askari walikwisha kuzizoea programu hizo zote, ndipo likaanza kubadilisha mfumo wenyewe na kuweka Ubuntu. Askari aliyefika asubuhi akakuta mfumo mpya alizikuta programu zake palepale alipoziacha jana. Makumi ya maelfu ya kompyuta za jeshi hilo zinatumia Ubuntu mpaka leo. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, shule za serikali zilihamishiwa Linux katika miaka ya 2000, na kilichofanya zibaki huko ni kwamba walimu walifundishwa mapema na vitabu vya somo vikaandikwa kwa kufuata programu hizohizo.

Ushauri wangu kwa shule yako unatokana na hayo. Muhula huu usiguse mfumo. Weka LibreOffice, programu huria ya ofisi, na kivinjari cha Firefox kwenye kompyuta zote 22 zikiwa bado na Windows, ufundishe kwa hizo, na uone wapi wanafunzi wanakwama. Wakati huohuo, nakili Linux Mint kwenye flashi na uiwashe kompyuta moja kutoka kwenye flashi hiyo bila kugusa diski, ili ujue kama printa, mtandao na sauti vinafanya kazi. Kompyuta za mtumba kutoka maofisini huwa hazisumbui, lakini hakikisha. Mashine zenye RAM ya GB 4 zitaimudu Mint yenye mandhari ya Xfce, na zilizo dhaifu kuliko hapo zipe Lubuntu, toleo jepesi la Ubuntu. Ukipata fedha kidogo, inunulie kila mashine diski ya kasi ya aina ya SSD kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayozifanya zionekane mpya. Likizo ikifika, hamisha mashine 18 na uziache nne na Windows. Kwa hizo nne, ikiwa leseni zake ni halali, Microsoft inaziuzia taasisi za elimu masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa dola 1 kwa kompyuta katika mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu.

Nne hizo zina kazi. Waajiri wengi bado wanaandika Word na Excel katika matangazo ya kazi, na mwanafunzi wako anapaswa kuwa amezigusa kabla ya kuondoka, hasa ikiwa muhtasari wa somo au mtihani wa vitendo unazitaja kwa jina. Lakini fomula anayoiandika kwenye LibreOffice Calc kujumlisha safu ya alama ni ileile ya Excel, na aliyeelewa safu, seli na fomula hatashindwa kuitafuta menyu iliyohamishwa. Upande wa pili wa mizani una kitu ambacho Windows haiwezi kumpa: mwanafunzi mwenye udadisi anaweza kuufungua mfumo wenyewe, akasoma jinsi unavyofanya kazi, akauharibu, akausakinisha upya bila kumwomba mtu ruhusa. Vijana wanaotaka kuwa wahandisi wa seva wataikuta Linux huko kazini hata hivyo. Kwa hiyo hapana, Mwalimu, hutakuwa umewanyima.

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kompyuta Kariakoo. Nimesikia habari za hiyo mifumo ya bure, na nina maswali mawili. Wanaoitengeneza wanakula nini, na sisi mafundi tutakula nini wateja wakihamia huko? La pili, msimbo ukiwa wazi si hata mwizi anausoma? Kitu kisicho na mwenyewe kikiharibika tutamlaumu nani? — Fundi, Dar es Salaam

Ndugu Fundi, wengi wa wanaokiandika kiini cha Linux leo ni waajiriwa wanaolipwa mishahara na makampuni kama Intel, Google na Red Hat, kwa sababu makampuni hayo yanakihitaji. Red Hat haiuzi nakala ya mfumo. Inauza ahadi kwamba mteja akikwama saa nane za usiku kuna mtu atakayepokea simu. Mwaka 2019 IBM iliinunua kampuni hiyo kwa takriban dola bilioni 34, kwa hiyo kazi hiyo ina soko. Kwa upande wako, sitaki kukudanganya kwamba hutapoteza chochote. Sehemu ya riziki ya fundi hutokana na mteja kurudi kila baada ya miezi michache kuondolewa virusi na kupigiwa Windows upya, na mteja wa Linux hatarudi kwa sababu hiyo. Kinachoweza kuchukua nafasi yake ni mkataba wa matunzo na shule, zahanati au ofisi ndogo, kwa malipo ya kila muhula au kila mwezi. Mafundi wanaoijua Linux bado ni wachache, na yule mwalimu wa Morogoro atamhitaji mmoja.

Kuhusu mwizi kusoma msimbo, ni kweli anausoma, na wanaosema kwamba macho mengi humaliza kasoro zote wanatia chumvi. Aprili 2014 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Ilikuwa imekaa humo miaka miwili, na ikabainika kwamba programu iliyotegemewa na makampuni yenye mabilioni ilikuwa ikitunzwa na watu wachache mno kwa michango midogo. Nalichukulia hilo kuwa aibu ya kweli, na ndilo udhaifu mkubwa wa programu huria: wanaochota ni wengi, wanaosafisha kisima ni wachache. Machi 2024 lilitokea baya zaidi. Mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alitumia zaidi ya miaka miwili kujenga uaminifu katika mradi mdogo uitwao XZ, kisha akapenyeza humo mlango wa siri. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa mbali kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia chanzo mpaka akaukuta mlango huo kabla haujaenea. Aliweza kuufuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa mbele yake, na katika mfumo uliofungwa angelazimika kuandika malalamiko na kusubiri. Ila alikuwa mtu mmoja, na palihitajika bahati.

Linganisha hayo na unachokifanya kila siku kwenye meza yako. Ili kukraki Windows unaanza kwa kuizima kinga dhidi ya virusi, kisha unaendesha programu uliyopewa kwenye flashi na mtu asiyejulikana, ukiipa mamlaka yote juu ya kompyuta ya mteja. Swali lako la nani wa kulaumiwa linastahili kuulizwa hapo kwanza.

Mhariri, mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Mombasa. Ninatumia Windows, Tally na Excel, na wateja wangu vilevile. Je, kuna faida yoyote ya mimi kuhama? — Mhasibu, Mombasa

Kwa sasa, dada, baki ulipo. Tally, programu yako ya uhasibu, imeandikwa kwa ajili ya Windows, na ijapokuwa kuna programu iitwayo Wine, iliyoanza mwaka 1993, inayoweza kuendesha programu nyingi za Windows ndani ya Linux, hesabu za watu hazifai kuwekwa juu ya kitu ambacho mtengenezaji wa programu hajakithibitisha. Majedwali ya Excel yenye makro, yaani maagizo yanayojiendesha yenyewe, nayo huharibika mara kwa mara yakifunguliwa na LibreOffice. Jambo moja tu ningekuomba ulifanye: kumbukumbu za mteja zinazopaswa kudumu miaka mingi zihifadhi pia katika muundo wa PDF au CSV, ili siku utakapotaka kubadilisha programu, au siku bei itakapopanda, usiwe mateka wa mafaili yako mwenyewe.

Shikamoo Mhariri. Ninasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa tatu hapa Zanzibar. Watu husema Android ni ushindi wa Linux, lakini mimi naona simu yangu ikitawaliwa na Google kuliko kompyuta inavyotawaliwa na Microsoft. Je, huo ni ushindi? Na kwa nini mpaka leo hatuna mfumo wa Kiswahili kamili, ilhali msimbo uko wazi? — Mwanafunzi, Unguja

Marahaba, kijana wangu. Umeliona jambo ambalo nililipita haraka nilipomwambia mwalimu atazame simu ya Mkuu wake. Msimbo wa msingi wa Android ni huria, na yeyote anaweza kuujenga na kuutumia. Lakini duka la Play, ramani na ile huduma ya chinichini ambayo programu nyingi hutegemea ili zifanye kazi ni mali ya Google, na hutolewa kwa mikataba. Huawei ililijua hilo kwa uchungu Mei 2019, serikali ya Marekani ilipoiweka katika orodha ya vikwazo: Android huria ilibaki mikononi mwake, lakini simu zake mpya ziliuzwa nje ya China bila duka la Play, na nje ya China ziliporomoka. Mwaka uliotangulia, Julai 2018, Tume ya Ulaya ilikuwa imeitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa kuwafunga watengenezaji wa simu kwa mikataba ya aina hiyo. Hoja ya Jaji Jackson imejirudia kwenye simu, safari hii mfumo huria ukiwa upande wa aliyefunga mlango. Kwa hiyo nakubaliana nawe nusu. Kiini kimeshinda, na kutokana na ushindi huo simu janja imefika kwa watu wasioweza kununua iPhone. Uhuru wa mtumiaji, uliokuwa ndoto ya mwaka 1983, haukufika pamoja nacho. Hata zile simu za vitufe zinazotumia KaiOS, kama Smart Kitochi iliyoletwa Tanzania na Vodacom mwaka 2019, zilitokana na Firefox OS, mfumo huria ambao Mozilla ilishindwa kuusimamisha wenyewe.

Kuhusu Kiswahili, ninyi wa kizazi chenu huenda hamjui kwamba tulianza mapema. Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, jina la Kinguni ambalo ni ndugu wa neno letu "utu", na kampuni yake ikawa inamtumia diski kwa posta bila malipo yeyote aliyeomba, utaratibu uliodumu mpaka 2011. Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows katika miaka hiyohiyo. Tulikuwa na kila kitu cha kuanzia.

Kilichotupungukia ni matunzo. Kila toleo jipya la programu huja na mamia ya maneno mapya, na tafsiri iliyogharamiwa kama mradi husimama fedha za mradi zinapokwisha, wakati programu inaendelea kwenda. Ukiwasha Ubuntu leo na kuchagua Kiswahili, utakuta Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika katika menyu moja, na jambo hilo linaniumiza kila ninapoliona, kwa sababu halizuiwi na kampuni yoyote wala leseni yoyote. Watu watano katika darasa lenu, wakikubaliana kwanza istilahi zao ili mmoja asiandike "folda" na mwingine "kabrasha", wanaweza kuanza wiki hii kwa kompyuta walizonazo. Anzeni na LibreOffice Writer, kwa kuwa ndiyo programu ambayo yule mwalimu wa Morogoro ataifungua kwanza mbele ya wanafunzi wake.